Bendi ya Roki Harusini

Katika Soko la Toi, lililo kati ya Kibera na mtaa wa Woodley, karibu na barabara ya Ngong, hapana bei isiyopunguzwa. Shati la mtumba likitajwa shilingi mia tatu, mnunuzi hutaja mia, na wote wawili hujua tangu mwanzo ya kuwa watakutana njiani. Desturi hii si mbaya, nayo imewavika watu wengi wa Nairobi nguo njema kwa fedha kidogo. Lakini mtu aliyeizoea huweza kupata hasara siku atakapotaka kununua kitu kisichoshikika kwa mkono, kama vile muziki wa bendi kwa sherehe ya nyumbani.

Na amfikirie msomaji mama mmoja mwenye kibanda cha nguo za watoto sokoni humo. Soko lilipoteketezwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, yeye alipoteza kila kitu, akaanza tena kwa robota moja la mkopo. Tangu hapo huweka akiba katika chama kila juma. Sasa kijana wake wa kwanza aoa, na kijana huyo hataki mpiga santuri. Ataka bendi ya roki, watu wanne wenye magita ya umeme na ngoma, wapige wenyewe mbele ya wageni. "Mama, siku yenyewe ni moja tu," asema. Mjomba wake, aliyekuja kutoka shamba kwa ajili ya mashauri ya harusi, auliza kama hiyo roki ni muziki au ni ugomvi.

Swali la mjomba lastahili jibu la heshima. Gita la umeme si mgeni nchini Kenya. Fundi Konde, aliyetumika katika kikosi cha burudani cha King's African Rifles wakati wa Vita Kuu ya Pili, ni mmoja wa waliotangulia kulipiga. Baadaye Slim Ali na wenzake wa Hodi Boys, waliotoka Mombasa, waliimba nyimbo za mtindo wa Kimarekani kwa ustadi uliosifiwa sana. Nao Them Mushrooms, walioanza pwani mwaka 1972 na kuhamia Nairobi mwaka 1987, walipata riziki miaka mingi kwa kukodiwa na mahoteli ya watalii, na wimbo wao wa "Jambo Bwana" wa mwaka 1980 umefika pembe zote za dunia. Kwa upande wa roki yenyewe, Nairobi imetoa bendi kama Parking Lot Grass na Crystal Axis. Imetoa pia Duma, vijana wawili ambao sahani yao ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Lakini hao makelele yao ni ya namna ambayo mjomba asingeyastahimili hata dakika moja, wala hayakutungwa kwa ajili ya pilau.

Basi roki ni nyingi, na kazi ya kwanza ya mwenye harusi ni kujua anakodi ipi. Hapo mama wa Toi ana elimu asiyojua kuwa anayo. Robota la mitumba la kilo 45 hununuliwa likiwa limefungwa. Mtu hulipa, hukata kamba, ndipo huona kama amepata magauni mema au makoti ambayo hapana atakayeyavaa. Nyimbo ambazo bendi huzituma kwa simu ni kama karatasi iliyobandikwa juu ya robota. Zimesafishwa studio, na kosa limeondolewa. Yafaa mama na kijana wake waende kuisikiliza bendi ikipiga mbele ya watu, na wasitazame vishindo tu. Watazame kama mpiga ngoma aweza kuulegeza mkono watu wanapokula, na kama mwimbaji ajua kusema na wazee bila kuwapigia kelele.

Kisha huja bei. Mkubwa wa bendi ataja shilingi elfu sitini, na mama, kwa mazoea ya kibandani, ataja elfu thelathini. Kijana yule hakasiriki, bali aanza kuhesabu kwa vidole: wapigaji wanne, fundi wa sauti, vipaza sauti ambavyo bendi yenyewe huvikodi, gari la kuchukua vyombo kwenda na kurudi, na siku za mazoezi, maana bibi arusi ametaka nyimbo sita ambazo bendi haijapata kuzipiga. Mama alikuwa akidhani ananunua saa tatu za jioni moja. Sasa aona ya kuwa ni kazi ya majuma mawili.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wakisisitiza, bendi hukubali, kwa kuwa kodi ya nyumba haingoji. Lakini fedha iliyopunguzwa hukatwa mahali, na mara nyingi hukatwa kwa fundi wa sauti. Matokeo yake husikiwa na wageni wote, maneno ya mwimbaji yasipotambulika na gita likipiga kelele kama mbuzi aliyekanyagwa. Kupatana si vibaya. Lakini ni heri kupunguza nyimbo mpya kutoka sita hadi mbili, au saa kutoka tatu hadi mbili, au kuahidi chakula na gari. Mama akubali nyimbo mbili, aahidi gari la jirani yake sokoni, na bei yashuka hadi elfu arobaini na tano bila mtu kudhulumiwa.

Jambo la umeme lataka uangalifu kuliko yote, nalo ndilo husahauliwa. Katika sehemu nyingi za Kibera na Kawangware waya mmoja hulisha nyumba nyingi, na jioni, majiko na pasi zikiwashwa, nguvu yake hupungua. Vyombo vya bendi havistahimili umeme unaopanda na kushuka. Huzimika katikati ya wimbo, ama huungua kabisa, na chombo kilichoungua ni jembe la mtu. Kwa hiyo hapana budi kukodi jenereta, na kupatana mapema ni nani atakayenunua petroli. Iwekwe mbali na watu kwa sababu ya moshi wake. Ikiwa ni miezi ya mvua za masika, bendi ipate turubai na jukwaa lililoinuka, kwa maana nyaya za umeme juu ya matope zaweza kuua.

Mapatano yote yaandikwe. Huko Marekani, bendi ya roki iitwayo Van Halen iliandika katika mkataba wake wa mwaka 1982 ya kuwa katika chumba chao ziwekwe peremende za M&M's, lakini zile za rangi ya kahawia ziondolewe zote. Watu walidhani ni kiburi. Mwimbaji wao, David Lee Roth, alieleza baadaye ya kuwa vyombo vyao vilikuwa vizito na vya hatari, na mkataba ulikuwa mrefu. Wakiikuta peremende ya kahawia walijua ya kuwa mwenyeji hakuusoma, wakaanza kukagua jukwaa na nyaya. Mkataba wa harusi ya Kibera hauhitaji peremende. Ukurasa mmoja watosha, wenye tarehe, mahali, saa ya kufika na saa ya kumaliza, fedha ya kwanza na ya mwisho, na kitakachofanyika sherehe ikiahirishwa. Fedha ya kwanza ikitumwa kwa M-Pesa, ujumbe wake ni stakabadhi. Na ikitokea bendi isitokee wala isirudishe fedha, iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 2021, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja.

Wako tena majirani, ambao hawakutia saini popote. Kanuni za makelele za mwaka 2009 ziliweka mpaka wa desibeli 50 nje ya nyumba za kukaa mchana, na 35 usiku, na usiku wenyewe zikauhesabu kuanzia saa mbili. Ngoma za roki huuvuka mpaka huo kabla wimbo wa kwanza haujafika nusu. Kwa hiyo ruhusa iombwe mapema kwa wakuu wanaohusika. Lakini karatasi ya serikali haimtulizi mgonjwa aliye nyuma ya ukuta wa mabati. Mama apita mwenyewe nyumba kwa nyumba, ataja saa ya mwisho, na kwa kuwa mahali pa sherehe si mbali na msikiti wa Makina, mkubwa wa bendi aandika katika karatasi yake nyakati za sala ambazo vyombo vitanyamaza.

Siku yafika. Wakati wa chakula bendi yapiga polepole, na mjomba atikisa mguu akidhani hapana amwonaye. Saa moja na nusu jioni wimbo wa mwisho waisha. Wageni wapiga kelele wataka mwingine, na vijana wale wamtazama mama, ambaye ndiye mwenye karatasi.

"Mmefanya kazi, wanangu," asema. "Njoni mle."

Fedha iliyobaki alikuwa amekwisha kuilipa kabla ya nyimbo mbili za mwisho, kama walivyopatana, ili isije ikatafutwa usiku mwenye mfuko akiwa amekwenda kulala.

Jumatatu, mpiga ngoma apita Toi kumtafutia mtoto wa dada yake sweta. Mama amwambia mia tatu. Kijana ataja mia.