Bei ni moja

Juma lililopita mama yangu alitoka Walungu, nikampeleka kula sambaza kwenye restora moja hapa Bukavu. Nilipafahamu: mwezi uliopita tulifika pale na walimu wenzangu pamoja na inspekta, tukiongea Kifaransa. Sambaza zilikuja za moto, na maji ya kunawa tukamwagiwa mikononi.

Safari hii mama alivaa kitenge na kandambili, tukiongea Mashi. Tulikaa karibu saa nzima. Kijana anayehudumia alitupita mara tatu akienda kwa watu waliofika nyuma yetu. Bugali ulifika baridi. Maji nilienda kuyatafuta mwenyewe. Lakini bei haikupungua hata franka moja.

Mama akaniuliza polepole: “Mwanangu, ni mimi nimekuletea haya?” Hapo nikamwita mwenye restora, nikamweleza bila kelele, kwa Kiswahili, kusudi mama asikie. Akamwomba mama radhi.

Yule kijana nilitaka kumsema sana. Lakini Jumatatu darasani niliuliza swali, mikono mingi ikainuka, na nikajikuta nimemwita kwanza, kama kawaida yangu, mtoto mwenye viatu vizuri.