Wasiwasi wa Udhu Si Ucha Mungu



Leo nina neno, na wengine litawachoma.

Mmeiona filamu ya The Aviator ya mwaka 2004? Leonardo DiCaprio anamwigiza Howard Hughes, tajiri wa ndege wa Marekani. Kuna pale yuko chooni ananawa kwa sabuni yake mwenyewe, anasugua mikono mpaka inatoka damu. Na kuna pale anashindwa kutoka, maana hawezi kushika kitasa. Tajiri mzima kasimama mlangoni, anangoja mtu mwingine afungue ndio apenye.

Anaaminika kwa sababu haigizi usafi. Anaigiza hofu. Usoni unaona kabisa anajua mikono imeshatakata, na hofu bado haimwachi. Maradhi haya madaktari wanayaita OCD, na DiCaprio mwenyewe amewahi kusema alikuwa na dalili zake utotoni.

Sasa turudi kwetu. Yule binti anayeingia kutawadha ikiadhiniwa magharibi, akatoka isha inakaribia, mkono mmoja kaukosha mara kumi. Anayepiga takbira, akakata, akapiga tena: tunamwitaje? "Mashaallah, mcha Mungu." Akizidi, tunamcheka. Akikaribia kuolewa, anaambiwa anyamaze, ndoa itamponya.

Haimponyi! Anahamia na hofu yake kwenye nyumba ya watu, na huko ndiko anakoitwa mwenye jini.

Mtume (S.A.W.) alitawadha mara tatu tatu, akasema atakayezidisha amekosea na amedhulumu. Wanazuoni wetu wameweka kanuni: yakini haiondoshwi na shaka. Basi huku kuzidisha tunakusifia kwa dini gani?

Na kumwambia "soma audhu tu, itaondoka" kisha tukamlaumu isipoondoka, ni kumtwisha dhambi juu ya maradhi. Mtume (S.A.W.) huyo huyo ametuamrisha tujitibu. Tiba ipo: dawa, na mazoezi pamoja na mtaalamu. Anashika anachokiogopa, hanawi, anasubiri hofu ishuke yenyewe, kidogo kidogo. Dua iendelee, na hospitali aende.

Biharusi mtarajiwa, kama ni wewe, mwambie mchumba wako kabla ya akdi. Akikimbia, bora akimbie leo.

Na wewe mama, kabla hujaugonga mlango wa choo kwa hasira, kumbuka: aliyemo ndani anataka kutoka kuliko unavyotaka wewe atoke.