Msamaria hakuishia kwenye mafuta

Biblia haioni haya kutaja mafuta yenye harufu nzuri. Mamajusi walimletea mtoto Yesu uvumba na manemane. Katika Kutoka 30, Musa aliagizwa kutengeneza mafuta matakatifu kwa manemane, mdalasini, kane, kida na mafuta ya zeituni, kila kiungo kwa kipimo chake. Hadi leo askofu Mkatoliki hubariki krisma katika Juma Kuu, nayo ni mafuta yaliyotiwa manukato.

Nchini kwetu pia Mungu ametupa manukato ambayo wengi hatuyajui. Kule Pemba hutengenezwa mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu ambavyo ungedhani ni takataka. Mafuta ya karafuu yana kiini kinachotuliza jino, na madaktari wa meno wanakitumia. Mvuke wa mkaratusi huzibua pua. Harufu ya mchaichai hufukuza mbu kwa muda. Nta ya nyuki wa misitu yetu ya miombo ikiyeyushwa na mafuta hutoa marhamu ya kupaka mikono iliyopasuka kwa jembe. Mama mgonjwa akikandwa miguu na mwanawe kwa mafuta yanayonukia, analala vizuri. Hilo si ushirikina. Ni faraja, na faraja inatoka kwa Mungu.

Lakini faraja si dawa ya kila ugonjwa. Mchaichai hauondoi malaria iliyokwisha kuingia katika damu, na mkoa wetu wa Tabora ni miongoni mwa mikoa inayosumbuliwa sana na ugonjwa huo. Mkaratusi hauponyi kifua kikuu. Tena mafuta hayo yakinywewa ni hatari: mtoto akinywa kidogo tu anaweza kupata degedege. Kwa hiyo anayemwambia mgonjwa aache dozi kwa sababu amepakwa mafuta, anacheza na uhai wa mtu, hata akilitaja jina la Yesu mara mia.

Tumeonywa kwa gharama kubwa. Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wa waumini waliokuwa wakiwahi kukanyaga mafuta ya upako. Walikwenda kutafuta uzima.

Wengi hutetea chupa hizi kwa Yakobo 5. Tuisome vizuri. Mgonjwa anaambiwa awaite wazee wa kanisa. Hatumwi kwenda kununua. Wazee ndio wanaomfuata nyumbani, wanampaka mafuta kwa jina la Bwana, na Yakobo anasema kinachomwokoa mgonjwa ni kuomba kwa imani. Hakuna bei katika mistari ile. Nayo mafuta ya Musa yalikatazwa kuigwa kwa matumizi ya kawaida. Vipi sisi tuyapange mezani mlangoni mwa kanisa, pamoja na leso na stika?

Katika Injili yote, mafuta ghali kuliko mengine ni yale ya nardo ya Bethania, ya thamani ya dinari 300 na zaidi. Hayakumponya mtu yeyote. Yalimwagwa kwa upendo, na Yohana anatuambia kwamba aliyeyapigia hesabu ya kuuzwa alikuwa Yuda.

Sasa mtazame Msamaria mwema. Alitia mafuta na divai katika majeraha ya yule mtu, kisha hakumwacha njiani akinukia. Alimpandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha penye nyumba ya wageni, akamtunza, akalipa, akaahidi kulipa tena.

Hapo ndipo penye swali kwa makanisa yetu ya Isikizya na Uyui nzima. Mjamzito wa kijiji cha mbali akipatwa na homa usiku, atahitaji maombi, na atahitaji pikipiki. Pesa ya chupa ya upako ingeweza kuwa nauli yake. Wazee wa kanisa, nendeni mkampake mafuta bure, mwombe naye, kisha mmfikishe kwa mganga wa zahanati na muulize kama ameze dawa. Mkifanya hivyo, hata asiyeingia kanisani ataisikia harufu njema ya Kristo.