Mwezi wa Mchina, Kaburi la Mhehe

Nina ugomvi na watu wa kalamu nyekundu, na leo nautoa hadharani.

Kuna kitabu cha picha cha watoto kiitwacho Thanking the Moon, cha Grace Lin, Mmarekani ambaye wazazi wake walitoka Taiwan. Kilitoka mwaka 2010. Familia ya Kichina inatoka nje usiku wa sikukuu ya mwezi mpevu. Wanaandaa chai, mabalungi na keki za mwezi, wanawasha taa za karatasi. Kisha kila mmoja anaushukuru mwezi na kuupelekea haja ya moyo wake, kimyakimya. Basi, hakuna mahubiri. Mwalimu akikifungua darasani, pale Mwanjelwa au Kihesa, atasema: watoto, huu ni utamaduni wa Wachina. Na atakuwa amesema kweli.

Sasa jaribu kuandika cha kwetu! Mimi nilijaribu. Bibi wa Kihehe anawapeleka wajukuu makaburini. Wanang'oa majani, bibi anamimina pombe kidogo chini, anawataja wazee kwa majina, halafu wote wanarudi nyumbani kula. Mswada ulirudi na neno moja tu pembeni: "Ushirikina."

Jamani! Anayezungumza na mwezi ana utamaduni, anayezungumza na babu yake ni mshirikina?

Tena Wachina si wageni kwetu. Walijenga nasi reli ya TAZARA kuanzia 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikipita Makambako na Mbeya. Zaidi ya 60 kati yao wamelala Gongo la Mboto. Mwezi Aprili, wakati wa Qingming, sikukuu yao ya kusafisha makaburi, wenzao huenda pale na maua, na magazeti yetu huandika kwa heshima. Vizuri sana. Lakini bibi wa Kalenga amefanya kosa gani ambalo wao hawakulifanya?

Eti mtoto ataiga. Aige nini ambacho hajakiona? Likizo alikuwa kijijini, ameyaona yote kwa macho yake. Anachojifunza kutokana na ukimya wa vitabu ni aibu. Na kuna baya zaidi. Bibi kizee anayenong'ona makaburini tumemwachia hadithi za uchawi peke yake, na humo ndimo mtoto anamokutana naye. Nchi hii imeua vikongwe wengi kwa tuhuma za uchawi. Mwenye kalamu asijifanye hayumo.

Simlazimishi mtu kuamini matambiko. Grace Lin naye hamwambii msomaji aende akauabudu mwezi. Amechora tu watu wanaopendana, wakifanya jambo la kwao, na mtoto wa mbali akaelewa.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa vijiweni, Mbeya na Iringa, mnaosema hamna cha kuandika: mnacho. Andikeni bibi alivyofunga kitenge, ulanzi ulivyojaa kwenye mbeta, baridi ya alfajiri ilivyowang'ata watoto masikio njiani. Msieleze sana, msiombe radhi. Mswada ukirudi na wino mwekundu, urudisheni tena na swali moja: na mwezi je?