Moteri ya kazi haitaki mbio, inataka kipimo

Ndugu wafanyakazi, mama na vijana wa Kisenge, hapa kwetu kuko mabishano yenye inaingia mpaka mu nyumba. Motopompi ikichoka, tufanye nini? Fundi aipime kila kipande mpaka irudie sawa vile fabrika iliichora? Ao aiongezee nguvu? Ao tuitupe, tununue ingine?

Mutu anaweza kusema ni habari ya mafundi tu. Hapana. Mushahara ukichelewa, ile motopompi njo inanywesha mashamba ya bamama. Ikikufa, bunga na minerval ya batoto inakufa nayo.

Niseme yenye niliona. Familia tisa tulichanga franka, tukanunua motopompi moja. Moteri yake ni kopi ya Honda GX160, ile yenye kuenea kila mahali: silinda ya milimeta 68, pistoni inatembea milimeta 45. Nyuma ya misimu mbili ikaanza kuvuta maji pole-pole. Kijana mumoja akasema: “Papa, tutoe regulateri, tulime kulasi kidogo, itakimbia sawa moto ya mashindano.” Tulikubali. Mimi pia nilinyanyua mukono. Wiki haikuisha, biele ikavunjika na kutoboa tumbo la moteri. Kipande kilipita karibu na mutoto mwenye kushika mupira ya maji. Mungu alisaidia. Lakini franka ya familia tisa ilienda.

Regulateri haikuwekwa ju ya kutunyima nguvu. Moteri ile ilipangwa kuzunguka mara 3600 kwa dakika, na biele yake ya aluminiamu ilifanywa kwa kazi ile. Ukiitoa, unaomba chuma kufanya kazi yenye hakikuandikiwa. Sisi watu wa mugodi tunajua mwisho wa kazi ya namna ile.

Basi, kupima kuko na faida? Kule Marekani moteri ndogo za namna hii zinafungwa ku vigari vya mashindano. Kwa mashindano mengine sheria inakataza kubadilisha vipande. Mafundi wanabakia na njia moja: kupima kila kitu, na kukileta karibu kabisa na kipimo cha fabrika. Hawaongeze kitu, na bado gari yao inapita ya mwenzao. Ni kwa sababu fabrika inaacha tofauti kidogo kati ya kipande na kipande, na zile tofauti zikijumlika zinakula nguvu.

Lakini wale wanatafuta kushinda kwa sekunde moja. Sisi tunatafuta maji. Kulipa fundi siku nyingi ju ya kusawazisha kila kipande haifai kwa motopompi. Tena hapa tuko meta elfu hivi juu ya bahari, na hewa nyepesi inanyanganya moteri karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu. Hakuna lime yenye itairudisha.

Mimi naona vipimo vine vinatosha. Kwa moteri ile, nafasi ya supapu moteri ikiwa baridi: 0,15 ku supapu ya kuingiza, 0,20 ku ile ya kutosha moshi. Nafasi ya buji: 0,7 mpaka 0,8. Buloni za kulasi zikazwe kwa nguvu yenye kitabu inasema, si kwa nguvu ya mukono. Na silinda: ikipita 68,165, imekwisha. Ukiitilia segma mpya, unatupa franka mu shimo. Pale, kama kutengeneza kunapita nusu ya bei ya moteri mpya, nunua mpya.

Kuko fundi anasema: “Sikio yangu inatosha.” Ninamuheshimu. Sikio inajua moteri inagonjwa. Haijue ni kwa sehemu ngapi za milimeta. Kreseri wa Kolwezi anajua ile habari vizuri: mwenye kushika mizani na mashini ya kupima teneri njo mwenye kupanga bei. Mutu asiyepima anaamini tu maneno ya mwengine, na anaondoka na kidogo.

Tatizo ni vyombo, familia moja haiwezi kuvinunua. Ninaleta mawazo hii: seksio yetu ya sandika inunue pamoja pie-a-kulisi moja, vyuma vyembamba vya kupima nafasi na ufunguo wa kukaza kwa kipimo. Vikae kwa fundi mumoja mwenye tutachagua wote. Kila moteri iwe na kaye yake, vipimo viandikwe na tarehe, mwenye moteri asome mbele ya kulipa.

Ku mukutano wenye kuja nitauliza ile. Safari hii, mbele ya kunyanyua mukono, tuulize kwanza: umepima?