Kigumu, lakini huvunjika

Msomaji, je, umewahi kuvunja kitu cha mama mkwe? Mimi nimewahi. Nilipoolewa alinipa kikaango chake cha chuma, kizito ajabu na cheusi tititi, alichokuwa amepikia wanawe wote. Jioni moja niliunguza vitunguu. Kwa hasira nikakipeleka bombani kingali moto na kukimiminia maji baridi. Paa! Ufa toka ukingoni hadi katikati.

Nilikimbilia kwa fundi wa jua kali. Alikigeuzageuza, akatikisa kichwa. "Mama, hiki si chuma cha kufua, ni cha kusubu. Nikikichomelea ovyo kitapasuka kando."

Maneno hayo mawili yalinifungua macho. Kufua ni kukitia chuma motoni kilainike, kisha kukigonga kwa nyundo hadi kipate umbo. Ndiyo kazi ya mhunzi aliyewafulia babu zetu majembe na mikuki. Kusubu ni kukiyeyusha chuma kabisa kiwe kama uji, kisha kukimimina katika kalibu, aghalabu ya mchanga, kipoe humo.

Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, asilimia 2 hadi 4 hivi. Kwa sababu hiyo huyeyuka kwa nyuzi 1,200 hivi, ilhali chuma kitupu huhitaji zaidi ya 1,500. Lakini kaboni hiyo hiyo hujipanga ndani yake kama vigamba vyembamba, na ufa hupata njia humo. Ndiyo maana chuma hiki hubeba mzigo mkubwa, lakini hakipindiki, kikizidiwa huvunjika.

Wachina walikisubu zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Huko Uingereza, Abraham Darby alipata hataza ya kusubu vyungu katika mchanga mwaka 1707, na mjukuu wake akasimamisha daraja zima la chuma hicho juu ya mto Severn mwaka 1779. Nasi tunacho: miguu ya cherehani ya kukanyaga, mawe ya mizani dukani, na pasi nyingi za makaa za zamani.

Ikiwa unacho jikoni, zingatia haya. Kipashe moto polepole, na usikitie maji baridi kabla hakijapoa. Usikiloweke usiku kucha, kitashika kutu. Kikishaoshwa, kikaushe juu ya moto, kisha ukipake mafuta kidogo sana, kama unayepangusa. Mchuzi wa nyanya au ndimu usiulaze humo, kwani ukali wake hula ule weusi na kukipa chakula ladha ya chuma. Na unaponunua sokoni, beba sumaku. Ikikataa kunasa, umeuziwa alumini iliyopakwa rangi.

Je, mama mkwe? Siku tatu nilimkwepa. Hatimaye nilikifunga kikaango kwenye gazeti, nikaenda kumwonyesha. Alipitisha kidole juu ya ule ufa, akanyamaza. Kisha akaniuliza kama niliungua mkono.

Tangu siku hiyo nimejifunza, msomaji. Kuna vitu, na kuna watu, tunaodhani hawawezi kuvunjika kwa kuwa hawalalamiki. Kabla hujamwaga maji baridi, ngoja moto upoe.