*TAARIFA YA TAWI: EKARI MOJA INATOSHA. 39 NI ZA NINI?*

Ndugu wanachama na wananchi wote wa kijiji chetu,

Jumatatu Halmashauri ya Kijiji iliketi ikapitisha ekari 40 za eneo la malisho zipewe kampuni ya umeme wa sola. Mradi unaitwa "wa jamii". Jamii yenyewe haikuitwa.

Tuelewane mapema: Tawi hili halipingi umeme. Zahanati yetu inazalisha akina mama kwa tochi ya simu. Anayesema tunapinga maendeleo anakwepa hoja.

Hoja ni hesabu. Andiko la kampuni linasema mtambo ni wa kilowati 60. Megawati 1 ya sola, yaani kilowati 1,000, huhitaji takribani ekari 5. Kilowati 60 hazimalizi hata nusu ekari. Ongeza chumba cha betri, uzio na njia ya gari, ekari moja inatosha. Ekari 40 zinabeba megawati 8, zaidi ya mara 130 ya umeme tulioahidiwa. Nimeuliza ofisini kwa maandishi, mara mbili, hizo 39 ni za nini. Sijajibiwa.

Tena hawaombi kupangishwa. Wanataka ardhi ya kijiji ihamishwe iwe ardhi ya jumla. Ikishahama hairudi yenyewe. Kampuni ikifilisika, sisi tutabaki tunatazama uzio. Ng'ombe watapita wapi kwenda lambo? Kuni zitatoka wapi?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kifungu cha 8(5), inasema Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu kwanza. Na kuhamisha eneo lisilofika hekta 250 (letu ni kama hekta 16), Mkutano Mkuu ndio unaokubali au kukataa, na fidia hukubaliwa kabla, si baadaye. Mkutano Mkuu ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea.

Kwa wajumbe waliopitisha, wakiwemo wa chama chetu: kadi ya chama si ngao. Mlichaguliwa kutunza ardhi, si kuigawa.

*Msimamo wa Tawi:*
1. Uamuzi wa Jumatatu ufutwe, hoja iletwe Mkutano Mkuu.
2. Kampuni ipangishwe ekari moja. Mkataba ukiisha, iondoe vifaa vyake na ardhi ibaki ya kijiji.
3. Mkataba uwe wa Kiswahili, ubandikwe ubao wa matangazo siku 14 kabla ya kusainiwa.
4. Kodi ya pango iingie akaunti ya kijiji na isomwe kwenye taarifa ya mapato na matumizi kila robo mwaka.

Mkutano Mkuu ni *Jumamosi saa 4 asubuhi, uwanja wa shule ya msingi.* Akina mama, vijana na wafugaji, njooni. Mtu akikuletea karatasi ya mahudhurio nyumbani, *USISAINI.* Saini hiyo ndiyo itakayogeuzwa kuwa kura yako ya ndiyo.

Jirani asiye na simu ya kupokea ujumbe huu, mpitie umwambie kwa mdomo.

Umeme tunautaka. Ardhi hatuitoi.

Imetolewa na:
*Katibu wa Tawi*